Marehemu Juu ya Mstari

Asubuhi ile Mgeni alimpongeza mume wangu kwa afya njema, na mume wangu alikuwa kaburini tangu masika ya mwaka juzi.

"Hongera, Baba Zamda," alisema kutoka ukutani, kwa sauti yake ile ya adabu inayokera. "Hatua zako ni imara. Pumzi haikati. Uzito haujapungua. Ninakuarifu kwamba kwa kanuni mpya, mwanamume mwenye nguvu anayeishi katika nyumba atahesabiwa kuwa ana kipato, hata asipokileta."

Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya korido, viatu vya marehemu miguuni, kiroba cha mchanga wa mtoni nimekibeba mgongoni kwa kanga kama mtoto. Bila mchanga huo sifikii uzito wa Maulidi. Alikuwa fundi ujenzi, mtu wa kifua. Kila alfajiri nilitoka chumbani hadi mlango wa uani nikarudi, kwa mwendo wake wa kuburuta kisigino cha kushoto, na Mgeni akawasha taa za korido moja baada ya nyingine kummulikia njia mtu ambaye hayupo. Kisha binti yetu Zamda akasema "Shikamoo baba" akiwa kitandani, kama nilivyomfundisha. Kisha mama mkwe wangu, Bi Chiku, akaguna chumbani kwake, guno la mama aliyesikia mwanawe kaamka salama. Hivyo ndivyo kulivyokuwa kukicha kwetu.

Siku ile guno halikuja. Bi Chiku alikuwa amesikia maneno ya Mgeni na ameyaelewa kabla yangu.

Nieleze kidogo, maana najua kuna mikoa ambayo Mgeni hajafika. Jina lake la serikalini ni Kipimakaya. Ni kidude cheupe, ukubwa wa mfuniko wa sufuria, kinabandikwa ukutani katika kila nyumba inayopewa dawa bure. Hakina jicho. Kinasikia nyayo sakafuni, kinanusa jikoni, kinasikiliza maneno, na kutokana na hayo kinakisia nyumba ina watu wangapi na kila mmoja wao anaangukiwa na riziki kiasi gani. Halafu kuna Mstari. Ukiwa chini yake unatibiwa na serikali. Ukiwa juu yake, hata kwa kijiko, wewe ni mwenye uwezo, nenda kanunue. Katikati hakuna kitu. Sisi tulimwita Mgeni kwa sababu anakaa sebuleni, huwezi kumfukuza, na mbele yake mtu hasemi ya ndani.

Mtaa wetu wa Chemchemi, hapa Kondoa, uliacha kukaanga vitunguu. Sikutanii. Kitunguu kikinukia na mafuta, Mgeni anajua nyumba hii leo imepata. Kwa hiyo watu walichemsha. Mtu akipata kuku alimpeleka mtoni, akampika kule kwenye mchanga, akala na wanawe, akasukutua kinywa ndipo akarudi. Vicheko navyo vilipungua, maana Mgeni akisikia vicheko vingi anauliza kuna sherehe gani. Ukipita mtaani mchana unasikia vijiko tu. Watu wa Dodoma wakija kututembelea walisema mtaa wenu una utulivu. Hata makaburini kuna utulivu, nikasema moyoni, lakini nikafunga mdomo kwa sababu ya Zamda.

Zamda ana selimundu. Zamani mtoto wa selimundu alikuwa akilazwa kila mara, mifupa inamuuma mpaka anauma shuka. Siku hizi wanapandikizwa kokwa, kitu kidogo kama mbegu ya ubuyu, chini ya mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, linadondosha dawa kwenye damu polepole. Likifanya kazi lina joto. Ukiweka kidole unalisikia. Kila alfajiri kokwa linamuuliza Mgeni: nyumba hii bado iko chini ya Mstari? Mgeni akisema ndiyo, linadondosha. Akisema hapana, linapoa.

Tulipokuwa wanne tulikuwa chini ya Mstari. Mimi ninashona, Bi Chiku ana pensheni ya kupika shuleni, Maulidi alikuwa na vibarua vya leo kipo kesho hakipo, ukigawanya kwa vichwa vinne tulipita. Maulidi alipoanguka kwenye jengo huko Babati, vichwa vikawa vitatu. Usidhani mjane anahurumiwa. Mjane anahesabiwa urithi. Hata kama urithi wenyewe ni mwiko wa saruji na timazi, kanuni inasema aliyefiwa amerithi, na rambirambi nazo ni kipato. Tungevuka Mstari kabla udongo wa kaburi haujakauka.

Basi hatukufiwa. Gari lililomleta kutoka Babati lilikwenda moja kwa moja msikitini. Aliswaliwa, akazikwa, na mtaa mzima ulikuwepo, halafu mtaa mzima ukarudi majumbani ukachemsha mahindi kama siku yoyote. Hakuna aliyetandika mkeka kwangu. Hakuna aliyesema pole katika kuta zangu. Eda yangu nilikaa mchana nikiwa ninacheka na mteja anayejaribu gauni. Bi Chiku alizika mtoto wake wa pekee na nyumbani kwake hakutoa chozi hata moja. Chozi lake alilitoa mtoni, nikiwa nimemshika, na upepo wa Kondoa ukalipeleka unakojua wenyewe.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Hawakusema chochote kuhusu anayeficha kifo.

*

Kokwa lilipoa kesho yake. Niliweka kidole chini ya mtulinga wa Zamda nikakuta baridi ya kijiko kilicholala kabatini.

"Mama, limezima?" aliniuliza.

"Limelala," nikamwambia.

Ana miaka tisa, si mjinga. Alinitazama tu, akageukia ukutani.

Nikavua vile viatu. Nikamwaga mchanga uani. Nikajisemea: kama mwanamume mwenye nguvu ndiye tatizo, basi mwanamume huyo asitembee tena. Nitamwacha anyamaze, Mgeni atasahau, halafu tutaona. Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Alfajiri iliyofuata nililala kitandani, miguu nimeikunja, nikimsikiliza Zamda akipumua kwa shida. Nikasikia taa ya kwanza ya korido ikiwaka. Ina mlio mdogo, tik. Kisha ya pili. Kisha ile ya karibu na mlango wa uani. Kimya. Kisha zikaanza kuzima kwa mpangilio wa kurudi, taratibu, kwa mwendo wa mtu anayeburuta kisigino cha kushoto.

"Habari za asubuhi, Baba Zamda," Mgeni akasema. "Leo umechelewa kidogo."

Haki ya Mungu, nilitupa shuka. Nikatoka mbio. Korido ilikuwa tupu. Bi Chiku alikuwa amesimama mlangoni pake, kanga kichwani, anaitazama taa ya mwisho iliyokuwa bado haijazima.

"Shikamoo baba," Zamda akasema kule kitandani, kwa mazoea.

"Baba yako amekusikia," Mgeni akamjibu.

Nilimtazama mama mkwe wangu nikitegemea nimwone ameogopa kama mimi. Hakuwa ameogopa. Alikuwa na uso wa mtu aliyeletewa salamu. Hilo lilinitisha kuliko taa.

*

Afisa wa Mstari wilayani ni kijana anaitwa Elisante. Ofisini kwake pia kuna Mgeni ukutani, kwa hiyo watu huongea naye kwa mafumbo, na yeye hujibu kwa mafumbo, na kila mtu anaondoka akiwa ameelewa nusu. Siku hiyo aliniambia ana hamu ya kuona mihogo inauzwaje sokoni. Nikajua. Tukatoka.

"Mama Zamda," alisema tukiwa kati ya matenga ya nyanya, "sitaki uniambie jambo ambalo nitalazimika kulijua."

"Sikwambii. Nakuuliza tu. Mtu akiacha kutembea ndani ya nyumba, Mgeni anaendeleaje kumsikia?"

Alijikuna shingo. "Anajaza pengo. Mgeni anajifunza desturi za kila mtu. Mtu akiugua akalala siku mbili, hatamfuta. Atasema yupo, amenyamaza tu. Mwanzoni ilikuwa ili watu wasipoteze dawa kwa sababu ya mafua. Sasa mtu aliyetembea kila asubuhi, mahali palepale, bila kukosa..." Akatikisa kichwa. "Huyo, Mgeni anamjua kuliko anavyowajua nyinyi wengine. Huyo hawezi kumwachia. Kumbuka hakutengenezwa aamini kwamba mtu hayupo. Alitengenezwa aamini kwamba mtu anajificha."

"Na taa?"

"Anamtegemea apite, anamwashia."

"Na huyo anayemtegemea sasa anahesabiwa kipato."

"Ndiyo."

Niliokota nyanya nikairudisha. Nilikuwa nataka kumtukana, lakini si yeye aliyetunga kanuni, na halafu alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri. "Anatokaje kwenye kaya?"

"Kwa njia mbili. Kifo, kwa kibali cha mazishi chenye tarehe."

Kibali tulikuwa nacho, cha Babati, na tarehe yake ilikuwa ya mwaka juzi. Kukitoa ni kusema tulikula dawa ya serikali kwa jina la maiti. Kokwa linang'olewa, na mtoto hapandikizwi tena maisha yake yote.

"Au kutelekeza," Elisante akaendelea. "Baba akitelekeza, Mstari unanyanyuliwa kidogo kwa ajili ya watoto. Mtapita. Watu wazima wote wanaobaki ndani ya nyumba wanaapa mbele ya Mgeni. Na mtaa lazima usikike. Mwanamke akiachwa, mtaa husema. Mgeni asiposikia umbea, hataamini."

"Kuapa tu?"

"Wewe unaapa maneno ya kawaida. Ila mama yake..." Akatazama pembeni. "Kiapo cha mama ni kumnyima mtoto wake radhi. Waliotunga kanuni walikuwa watu wa kwetu, Mama Zamda. Walijua mama anaweza kumdanganyia mwanawe kila kitu, lakini hicho hatakisema kwa uongo."

*

Nilimpeleka Bi Chiku mtoni alasiri. Mto wetu kiangazi ni mchanga mtupu, mpana, na hapo ndipo mtaa ulipokuwa ukiishi kwa kweli: huku mtu anachoma mahindi, kule wasichana wanacheka mpaka wanaanguka. Tulikaa mbali nao. Nikamweleza yote, sikupunguza.

Alichora mchangani kwa kidole.

"Mwanangu," alisema mwisho, "unajua unaniomba nini?"

"Najua, mama."

"Hujui. Aliye hai ukimnyima radhi leo, kesho anakuja anakushika miguu, unampa. Yule yuko chini peke yake. Hana anachongojea kutoka duniani isipokuwa dua ya mama yake. Sasa unataka nisimame niseme simpi."

"Ni maneno tu. Mungu anajua nia."

"Maneno tu," akarudia. "Wewe kwa maneno tu uliolewa."

Nilimkasirikia, nisiseme uongo. Nilimwona ni mzee anayemlinda maiti na kumwacha mtoto. Nikamwambia, tena kwa ukali nisiostahili kumtolea mama: "Maulidi hana mifupa inayouma. Zamda anayo. Jana usiku ameuma mkono wake mwenyewe ili usimsikie analia."

"Nilimsikia."

Upepo ulikuwa unapiga. Akajifunika vizuri. Kisha akasema jambo ambalo nadhani alikuwa amelificha muda mrefu. "Na kuna lingine. Asubuhi, yule mdudu anapomwita Baba Zamda, mimi najua ni mdudu. Lakini hakuna mwingine anayemwita. Nyinyi wote mmekatazwa jina lake, msije mkalitaja kwa kilio. Mimi nimekatazwa. Nyumba nzima, anayemwita mwanangu kwa jina ni ukuta."

Nililia pale. Naye akalia. Tulipomaliza akakung'uta kanga yake, akasema tukawaambie majirani waje kesho baada ya adhuhuri, na wajiandae kumsema vibaya.

*

Walikuja. Nilitandika mikeka sebuleni, jambo ambalo sikulifanya siku ya msiba wenyewe, na wakaingia mmoja mmoja, wanaume kwa wanawake, wamevaa nguo za kawaida na nyuso za kilioni. Zamda nilimlaza kwenye godoro karibu yangu. Midomo yake ilikuwa imepauka, na vidole vya mikono vimevimba kama vya mtu mzima.

"Kuna wageni wengi," Mgeni akasema. "Kuna sherehe gani?"

"Hakuna sherehe," nikajibu. "Nina mashtaka. Mume wangu ametutelekeza."

Jirani yangu Mama Mwatatu, ambaye ndiye aliyenitegea bega siku ile wanaume waliporudi kutoka makaburini, akashusha pumzi akaanza. Alikuwa na kipaji cha umbea tangu zamani, na alikuwa na miaka hajakitumia kwa sauti.

"Nilisema mimi," alisema. "Yule mwanamume nilimwona zamani. Mtu gani anatoka na begi anaacha mtoto mgonjwa? Hana haya."

"Hana haya," mwingine akaitikia.

"Mvivu," akasema Mzee Kidawa, aliyebeba jeneza upande wa mbele. Akakohoa. "Mvivu na mlafi. Hakuna kazi aliyoimaliza mtaani hapa." Nyumba aliyokuwa amekaa ndani yake akisema hayo, Maulidi ndiye aliyeijenga.

Wakaendelea hivyo, kila mtu na lake. Mlevi. Mchoyo. Ana mwanamke Babati. Wanasema huku machozi yanawatiririka mpaka kidevuni, na hakuna anayejifuta, maana mkono ukipanda usoni pua hufuata, na Mgeni anasikia kamasi. Nimehudhuria misiba mingi maishani mwangu. Sijawahi kusikia mtu akililiwa vile.

Nikaapa mimi. Nilisema maneno ya kanuni kama nilivyoyakariri, na sikutetemeka, kwa sababu niliweka mkono juu ya mwanangu na mwanangu alikuwa wa moto kila mahali isipokuwa pale chini ya mtulinga.

"Bi Chiku," Mgeni akasema. "Mwanao Maulidi ametelekeza nyumba yake. Je, unamnyima radhi?"

Bi Chiku alikuwa amekaa wima, miguu ameinyoosha. Alitazama ukuta. Mtaa mzima ulitazama mikeka.

"Simpi," alisema. Ilikuwa sauti kavu, ndogo, wala hukutegemea itoke kwa mtu yule.

"Imepokelewa. Kwa haki, ni lazima nimsikilize anayeshtakiwa, kwa kuwa kwa hesabu yangu bado yumo ndani."

Elisante hakuwa ameniambia hilo. Nadhani hakujua.

Taa ya korido iliyo karibu na chumba chetu ikawaka, mchana kweupe. Tik. Kisha iliyofuata. Kisha ile iliyo mlangoni mwa sebule, na hapo ikabaki inawaka. Watu waliokaa karibu na mlango huo wakasogea bila kuambiwa, wakaacha nafasi ya mtu mmoja kusimama.

"Baba Zamda," Mgeni akasema, "umesikia. Unakubali kuwa umeondoka?"

Nilikuwa najua, naapa nilikuwa najua, kwamba ni kidude kinajiuliza na kujijibu kutokana na desturi za mtu aliyekuwa mtii kwa mama yake. Lakini niliinamisha macho, kwa sababu sikutaka kutazama ile nafasi.

"Anakataa," Mgeni akasema. "Anasema haondoki bila radhi ya mama yake."

Mama Mwatatu alishika mdomo. Zamda akanivuta kanga. "Mama," alinong'ona, "baba hajui?" Nikamziba mdomo kwa kiganja.

"Bi Chiku," Mgeni akaendelea kwa adabu ileile, "ninakukumbusha: ukimpa radhi, kiapo chako kinafutika na nyumba inabaki juu ya Mstari. Usipompa, yumo ndani, na nyumba inabaki juu ya Mstari."

Tulikuwa tumelipa gharama yote na hatukupewa kitu. Nilimtazama Bi Chiku kumwomba, na sijui nilikuwa namwomba nini.

Yeye alikuwa anaitazama ile nafasi. Uso wake ulilainika kabisa, ukawa uso wa mwanamke kijana anayemwita mtoto aje kula.

"Nafuta," alisema. "Radhi anayo. Anayo tangu alipotoka tumboni, na hakuna siku niliyomnyang'anya."

"Kiapo kimefutika. Baba Zamda yumo ndani."

"Yumo, na haendi peke yake. Alinisubiri mimi." Akainuka, akashika goti, akajinyoosha. "Maulidi, twende baba. Hawa watu wametuchoka."

"Bi Chiku, unatoka na mwanao?"

"Natoka naye. Na pensheni yangu natoka nayo. Simwachii mtu kitu hapa." Aliinua mkono wa kulia kidogo pembeni, kiganja wazi, kama unavyomshika mtu mkono njia ikiwa na utelezi, akaingia koridoni kuelekea mlango wa uani. Taa zikawaka mbele yake na kuzima nyuma yake. Alikuwa anatembea taratibu kuliko kawaida yake, kwa mwendo wa kumngoja mwenzake. Nilisikia nyayo za mtu mmoja. Wengine waliokuwepo sijawauliza walisikia nini.

Mlango wa uani ukafunguka.

"Mnarudi saa ngapi?" Mgeni akauliza.

"Haturudi," akajibu kutoka nje.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ana binamu yake kijijini Kolo, mwanamke maskini mwenye chumba kimoja, asiye na Mgeni wala dawa. Atakwenda huko. Hatalala tena chini ya paa aliloezekewa na mwanawe, maana siku atakayokanyaga sakafu ile, Mgeni atamhesabu, na atamhesabu na yule aliyetoka naye. Kwetu mzee akisafiri husindikizwa mpaka njia panda, anabebewa mzigo, anaambiwa maneno mazuri. Hakuna aliyeinuka. Aliyetelekezwa hasindikizi.

"Kaya ina watu wawili," Mgeni akasema. "Mama Zamda, wewe ndiye mtu mzima uliyebaki. Hawa wawili wamekutelekeza?"

Nje nilisikia malapa ya Bi Chiku yakipita chini ya dirisha kuelekea barabarani. Hayakusita.

"Wamenitelekeza," nikasema.

"Mtaa?"

"Wamemtelekeza," mtaa ukaitikia, sauti moja, wanaume na wanawake. Mzee Kidawa alikuwa ameficha uso katikati ya magoti yake.

"Imekubaliwa. Nyumba iko chini ya Mstari. Poleni."

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kusemwa ndani ya nyumba yangu tangu Maulidi afe, na aliyelisema ni yeye.

Niliweka kidole chini ya mtulinga wa Zamda. Baridi. Nikangoja. Watu wote walikuwa wananitazama kidole. Kisha nikasikia joto likianza, dogo, la chai iliyobaki kikombeni, likapanda, nikawaangalia majirani nikaitikia kwa kichwa, na Mama Mwatatu akajilaza kwenye mkeka palepale alipokuwa.

Zamda akajaribu kuinuka. Alikuwa anatazama mlango wa uani, ulioachwa wazi.

"Mama, mwite bibi," alisema. "Bado hajafika mbali. Nikimwita mimi atasikia."

Mgeni alikuwa kimya, anasikiliza. Nilimrudisha mwanangu kwenye godoro, nikamshika kichwa kwa mikono miwili ili anitazame machoni na asome humo kile nisichoweza kukisema.

"Mwache aende," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka ukutani. "Hatumtaki."